Boti Nyuma ya Ukuta wa Janvier

Mama Kahindo hakununua resini ya kuzibia boti kwangu kwa sababu anapenda maji. Ziwa analiogopa. Akipanda meli kwenda Bukavu hufumba macho tangu Goma, na hufumbua pale tu anapoguswa bega. Alinunua resini kwa sababu ya chuki, nami nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Mtu anayenunua kwa raha huuliza bei, hulia kidogo, hulipa. Yeye alibishana nami kwa kila kopo mpaka nikatamani kufunga duka na kuhama Birere.

Parseli yake, yaani kiwanja chake, iko Himbi, upande unaoteremka ziwani, lakini haigusi barabara. Iko nyuma ya nyumba ya Janvier. Zamani kati ya barabara na uwanja wa Kahindo palikuwa na njia pana ya kupitisha fuso. Kwa njia hiyo marehemu mume wake aliingiza mbao za Butembo miaka yote, na alipofariki mke akaendelea. Depo ya Mama Kahindo ilijulikana. Mafundi wa paa walikuwa wanafika hapo kabla ya kwenda penginepo, kwa kuwa mbao zake zilikuwa kavu na yeye hakuwa na muda wa kudanganya.

Janvier alinunua nyumba ya mbele akiwa tayari na boti mbili ziwani, zinazobeba watu na mizigo. Haukupita muda akaanza kulalamika. Fuso zinaingia alfajiri, madereva wanapiga honi, yeye ni mtu wa kazi, hapati usingizi. Kahindo akawaambia madereva wapunguze honi, na kweli wakapunguza. Halafu Kahindo akafiwa na mama yake, akaenda Butembo kuzika. Aliporudi na nguo za msiba bado mwilini, akakuta ukuta wa mawe ya volkano umekatiza njia yake, mweusi, mrefu kuliko mtu, saruji bado inanuka ubichi.

Akapiga mlango wa Janvier.

“Papa Janvier, njia yangu iko wapi?”

“Njia gani, mama? Mimi nilinunua mpaka pale mwisho. Uliza mwenye aliniuzia.”

“Mwenye alikuuzia iko wapi?”

“Canada.”

Kisha, bila hata kumpa pole ya msiba, Janvier akajinyoosha na kusema: “Sasa nitalala.”

Ni maneno hayo mawili, siyo ukuta, yaliyomfanya Kahindo awe vile alivyokuwa baadaye. Mwenyewe aliniambia. Ukuta angeweza kuusamehe.

Alibaki na kichochoro upande mwingine, kati ya jiko la jirani na choo chake. Hata chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, haipiti pale. Mbao zikawa zinaingia kichwani, moja moja, zikigonga ukuta wa choo huku jirani akitukana kutoka ndani. Wateja wakapungua. Biashara haikufa ghafla, ilikauka kama ubao wenyewe, na kila asubuhi alipoamka aliusikia ukimya ule ambao Janvier aliuhitaji kwa usingizi wake.

Alikwenda kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa, Muzee Jean de Dieu. Muzee si mtu mbaya. Anapenda tu kukaa vizuri na wote, na kwa Janvier kulikuwa na vinywaji kila Jumapili.

“Ile njia naijua, mama,” alisema. “Nimepita pale na viatu vyangu. Lakini yeye anasema ni yake, weye unasema ni yako, na njia haina mdomo. Siku Janvier mwenyewe atasema mbele ya watu kama ni yako, nitapaka mawe chokaa pande zote mbili. Hakuna mutu atakayeifunga tena.”

“Na kesho yake akikataa?”

“Akishasema na akanywa chupa na mashahidi? Avenyu yote itamucheka. Atahama.”

Kwenye avenyu yao ndivyo mipaka inavyomalizwa. Mwenye mpaka anasema kwa sauti, shefu anasikia, watu wanakunywa pamoja. Karatasi huja baadaye, au haziji.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akilia. Kahindo alirudi akiangalia mali yake, kama mfanyabiashara yeyote mwenye duka lililofungwa: nimebaki na nini? Alibaki na mbao kidogo, kuku, na boti ambayo kuku walikuwa wanalala ndani.

Boti ilikuwa ya fibre, canot rapide ya zamani, ile aina ya mwendo kasi. Mume wake aliipata kwa hoteli moja ya ziwani iliyofungwa, akaivuta mpaka uwanjani kwa fuso, akifikiri siku moja ataitengeneza. Haikuwa na motere wala viti. Chini ilikuwa imepasuka, na mavi ya kuku yalikuwa yamegeuka sakafu. Kahindo akaizunguka. Upande huu nyumba ya mawe, upande ule nyumba ya mawe, nyuma jabali la volkano linaloshuka ghafla. Boti iliingia kwa njia ile, na haikuwa na pengine pa kutokea.

Siku hiyo hiyo akahamisha kuku.

“Nataka kitu ambacho Janvier atakitamani,” aliniambia dukani, akigeuza kopo la resini kama anayetafuta tundu. “Kitu ambacho hakiwezi kupita kwingine isipokuwa kwa ukuta wake.”

“Na kama hatakitamani?”

“Mutu wa boti? Umeona mulevi akipita mbele ya chupa?”

Nikampunguzia bei kidogo. Si kwa huruma. Nilitaka kuona mwisho.

Fundi aliyempata ni Kamate, anayetengeneza bampa za magari pale kando ya barabara. Bampa nyingi siku hizi ni fibre, kwa hiyo Kamate anajua kitambaa, resini na ile dawa ya kuigandisha. Lakini boti hakuwahi kuigusa, na alianza kazi kama anavyoanza bampa: akachukua mastiki akaziba nyufa zote, akapiga msasa, ikang'aa. Kahindo akatazama. Akaita wanawake wa jirani na madumu, wakaijaza boti maji kwa ndani. Kisha akalala chini yake kwenye vumbi jeusi na kaa la makala mkononi, na kila mahali palipotoa jasho akachora alama. Alipotoka, tumbo la boti lilikuwa na madoa kama chui.

“Papa Kamate, bampa ikivuja nani anakufa?”

“Hakuna, mama.”

“Bon. Toa yote.”

Wakaipindua juu ya magogo ya mikaratusi, wakakwangua mastiki yote mpaka kwenye fibre yenyewe. Vumbi lile linawasha. Kahindo alijifunga kitenge mpaka puani na bado alijikuna kama mwenye upele. Walikata kila ufa ukawa mpana, wakauacha ukauke, ndipo wakaweka kitambaa tabaka juu ya tabaka, dogo kwanza, kubwa juu yake.

Resini ikakataa kuganda.

Kamate amezoea kufanya kazi juani, lami ikiwaka. Anaweka dawa kidogo, na kabla hajavuta pumzi bampa imeshika. Hapa walikuwa chini ya turubai, mwezi wa mvua, ubaridi unashuka kutoka mlima Nyiragongo. Tabaka zikabaki zinanata kama asali. Kahindo akaja Birere na kipande mkononi, akanibandika nacho kiganjani mbele ya wateja. “Uliniuzia sukari!” Nilimwonyesha kopo la aina ile ile nililomuuzia fundi mwingine wiki ile, na kazi yake iliyokuwa ngumu kama jiwe. Akafikiri, akaondoka bila kuomba radhi. Baadaye nilisikia kwamba alipanga mbabula, yale majiko ya makala, chini ya turubai, mbali kidogo na boti, akazikoleza mpaka moto ukawa mwekundu bila ulimi, akaacha pande mbili wazi ili harufu itoke. Akakaa kando na ndoo ya maji. Ile resini ikaona aibu, ikaganda.

Harufu ilifika kwa Janvier. Alikuwa na baraza ya juu, anakaa pale na wageni wake, anatazama uwanja wa Kahindo kama sinema.

“Mama Kahindo! Leo unapika nini? Inanuka mpaka kwa supu yangu!”

“Napika boti, papa.”

“Itapitia wapi? Itaruka?”

Wageni wakacheka. Mmoja akasema aiwekee mabawa, mwingine akasema aiwekee mlango aipangishe.

“Nitaangalia, papa,” akajibu Kahindo, akaendelea kupiga msasa.

Kila kicheko alikiweka moyoni. Najua, maana alinisimulia vyote, na sauti za wenye kucheka, kama anayesoma bei.

Kisha wakafungua sehemu ya nyuma, pale motere inapofungwa. Kwa nje fibre ilikuwa nzima. Kamate alipoigonga ikatoa sauti ya mkate. Ndani ubao ulikuwa umeoza, ukitia kidole unatoka na uji mweusi. Kamate akafunika tena kile kipande, akatazama juu kwa baraza, akashusha sauti.

“Mama. Tukiacha hivi, tukapaka rangi nzuri. Janvier atafunga motere yake kubwa hapa. Akifika katikati ya ziwa, anaipa nguvu, motere inatoka na ubao wake, inaenda chini. Na yeye pengine.”

Kamate anasema kwamba Kahindo alitabasamu, na kwamba lilikuwa tabasamu la kutisha.

“Na watu wenye atabeba?” akauliza mwishowe.

“Eh. Na wao.”

“Wale hawakujenga ukuta. Na Janvier akizama, papa Kamate, nitaongea na nani? Na mjane wake? Ukuta utabaki pale pale, nami nitaenda kwenye matanga kumwaga machozi ya bure. Hapana. Nataka hii boti ikose hata tundu la sindano. Nataka asiwe na neno la kurudi nalo kwangu. Nataka awe muzima, na awe anasikia vizuri.”

Akaingia depo, akachagua ubao wake bora kuliko yote, mgumu, uliokauka tangu mume wake yu hai. Wakaukata, wakaunywesha resini pande zote, wakaufunga ndani ya fibre. Kamate akasimama juu yake akarukaruka. Haukulia.

Rangi alichagua bluu ya ziwa wakati wa asubuhi, na mstari mweupe. Jina hakuandika. “Mwenye kununua ataandika,” alisema.

Wakati huo barabara ya Sake ilikuwa imefungwa tena. Maharagwe, ndizi, hata wagonjwa, vyote vikawa vinakuja kwa maji. Bandari ya Kituku ilijaa watu wanaogombania nafasi ndani ya chochote kinachoelea, na mwenye boti ya haraka alikuwa kama mwenye kisima wakati wa kiangazi. Boti moja ya Janvier ikaharibika. Motere yake ilikuwa bado nzima, lakini gamba la boti lilikuwa limepasuka na halitengenezeki upesi. Vicheko vya barazani vikapungua. Sasa alikuwa anakaa peke yake, anaitazama boti kule chini.

Kahindo hakumtazama hata mara moja. Hapo ndipo nilipomheshimu. Wauzaji wengi hufa kwa sababu wanamwangalia mteja.

Badala yake alimwita Guylain, mwenye boti wa Kituku ambaye Janvier hataki hata kusikia jina lake. Guylain akapita kwa kichochoro, akachafua bega kwenye ukuta wa choo, akafika akiwa amenuna. Alipoiona boti akasahau kununa. Akaigonga kote, akalala chini, akatoka.

“Nitaichukua. Itatokea wapi?”

“Hilo ni shida yako, papa.”

“Nitaikata katikati. Nitapitisha vipande, nitaiunga kule chini.”

Alisema kwa sauti. Sijui kama Kahindo alimwomba aseme kwa sauti. Yeye anasema Guylain ana mdomo mkubwa kwa kuzaliwa. Kutoka juu, kwa baraza, kikasikika kiti kinachosukumwa. Jioni haijafika, Janvier alikuwa mlangoni kwa Kahindo, naye amechafuka bega.

“Mama, boti kama ile mutu anaikata kama muhogo? Ni dhambi.”

“Ni ya kwake akishalipa, papa. Anaweza hata kupandia nyanya.”

“Mimi nitaipitisha nzima.”

“Wapi?”

Janvier akakohoa. “Kuna… mahali. Nitafungua kidogo pale kwa ukuta wangu. Ikishapita nitarudisha.”

“Ah. Kwa ukuta wako.”

“Wangu, ndiyo.”

“Sijui, papa. Guylain nimeshampa neno.”

Walibishana siku hiyo na siku iliyofuata. Bei siitaji, ni mambo yao, ila najua Janvier alipanda mpaka alipoapa kutopanda, kisha akapanda tena. Kahindo aliweka masharti mawili tu. Janvier avunje na kubebesha kwa gharama yake, na wabebaji wawe wale wa Cibalonza. Janvier akacheka. Nani mwingine angebeba? Cibalonza ndiye mkubwa wa wabebaji pale Kituku, mwanamke mwenye shingo kama gogo, na watu wake hawaogopi mzigo wowote.

Wanaogopa kitu kimoja. Zamani waliwahi kubeba friji kupitia parseli yenye ugomvi, mwenye kushindwa akawashtaki kwamba wameingia kwake, na Cibalonza mwenyewe akalala kasho, yaani mahabusu. Tangu hapo hawapitishi hata kiti mahali ambapo mwenyewe hajatajwa kwa sauti. Kituku yote inajua. Janvier, ambaye huwapigia mluzi tu na kuondoka, hakujua.

Siku ilipofika nilifunga duka nikaenda. Nilimkuta Janvier ameshalipa, mafundi wake wameshatoboa ukuta kwa upana wa boti, na mchanga na saruji vimelundikwa kando tayari kuurudisha kabla ya jioni. Muzee Jean de Dieu alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Janvier mwenyewe alimwita awe shahidi wa ununuzi, na kreti ya bia ilikuwa miguuni pake. Chini kabisa, bandarini, wafanyabiashara walikuwa wanasubiri na magunia, wakipiga simu kila saa. Ziwani juu ya kisiwa cha Idjwi mvua ilikuwa inajikusanya.

Wabebaji wakaimba, boti ikateleza juu ya magogo, ikafika kwenye tundu la ukuta. Pua yake ikatokea upande wa barabara. Hapo Cibalonza akainua mkono. Wimbo ukakatika. Boti ikatulia katikati ya ukuta kama kizibo.

“Njia hii ni ya nani?” akauliza.

“Sukuma, mama, mvua inakuja,” akasema Janvier.

“Nimeuliza, papa. Njia ni ya nani?”

“Ni yangu! Si unaona ukuta wangu?”

Muzee Jean de Dieu akajikuna kidevu. “Hapo kuna shida. Mama Kahindo aliniletea mashtaka juu ya hii njia. Hayajaisha. Kama unasema ni yako, basi mutu asipite mpaka tukae.”

“Tutakaa lini?”

“Wiki ijayo, kama afya iko.”

Wabebaji wakakaa chini. Mmoja akatoa muwa. Simu ya Janvier ikalia, akaikata, ikalia tena. Akamgeukia Kahindo, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe na beseni la maharagwe mapajani, anayachambua.

“Mama, sema neno.”

“Mimi niseme nini, papa? Boti si yangu tena. Njia nayo unasema si yangu. Niko hapa kama mutu wa kuangalia.”

“Basi njia ni ya wote!” Janvier akapiga kelele. “Ya avenyu!”

“Ya wote haina mwenyewe wa kunitetea kasho,” akasema Cibalonza. “Jina, papa.”

Matone ya kwanza yakaanguka. Simu ikalia. Kutoka bandarini akaja mtu mbio, akasema wenye magunia wameanza kuyapeleka kwa Guylain. Jina hilo ndilo lililomaliza. Nilimwona Janvier akitazama saruji yake inayolowa, akitazama boti, kisha akatoa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka:

“Njia ni ya Mama Kahindo! Haya! Bebeni!”

“Rudia na chupa mkononi,” akasema Muzee, tayari amefungua.

Akarudia. Akanywa. Muzee akanywa, Cibalonza akanywa, mimi pia nikanywa, sikuwa na sababu ya kukataa. Boti ikainuka na wimbo, ikashuka ziwani, ikakaa juu ya maji imekauka ndani kama sahani. Haikuingiza hata tone. Janvier alitafuta kosa mpaka kwenye pembe; Kamate alikuwa pale, amekunja mikono, anamwangalia akitafuta.

Aliporudi kurudisha ukuta, hakuweza kufika. Fuso ya mbao za Butembo ilikuwa imesimama kwenye kona tangu asubuhi, na boti ilipotoka tu, nayo ikaingia. Muzee alikuwa anapaka chokaa.

“Umenila, mama,” Janvier akasema.

“Hapana, papa. Una boti nzuri kuliko zote za Goma. Uliza yeyote.” Kisha Kahindo akaonyesha mawe yaliyovunjwa, yaliyokuwa yameziba geti la Janvier mwenyewe. “Haya utayapeleka wapi? Naweza kuyachukua. Nataka kujenga kizingiti cha depo.”

Akayachukua bure.

Mafuso sasa yanaingia kila alfajiri. Yanapofika sambamba na dirisha la chumba cha Janvier, dereva hupiga honi ndefu, hata kama njia haina mtu. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini.

“Ni masharti ya mama,” akasema. “Asiyepiga, hapakuliwi mzigo.”